Kubadilisha osileta kwenye kadi ya siriali ya ISA

Kadi ya siriali ya ISA (aina ya nafasi ya kadi kwenye kompyuta za zamani) ikitambuliwa na kompyuta lakini haitumi wala kupokea herufi hata moja, na kopo la osileta (kijisanduku cha chuma kinachotoa mapigo ya saa) limevunjika mguu, basi tatizo ndilo hilo: UART, yaani chipu inayotuma na kupokea herufi, inajibu ila haina mapigo ya saa.

Tafuta kopo la 1.8432 MHz, volti 5, saizi kubwa yenye miguu minne katika nafasi za 1, 7, 8 na 14. Soma kwanza namba iliyo juu ya kopo lako, maana kadi nyingine hutumia 18.432 MHz na kuigawa kwa 10. Usibahatishe na 2 MHz: kasi yako ya biti 9600 kwa sekunde itakuwa karibu 10417, na upande wa pili utasoma takataka. Kristali ya miguu miwili nayo haifai, haitetemi bila saketi yake.

Kwenye kulitoa, mguu wa 7 ndio msumbufu. Umeungwa na shaba pana ya ardhi inayomeza joto. Ongeza solda mpya na flaksi, subiri iyeyuke kabisa, ndipo unyonye kwa pampu. Ukivuta mapema utang'oa shaba ya ndani ya shimo.

Weka soketi, kisha chomeka kopo jipya humo. Kona kali ya kopo ni mguu wa 1. Ukiligeuza, volti 5 zinaingia kinyume na linaungua. Likishakaa, pima mguu wa 8 kwa multimita: DC ya volti 1.5 hadi 2.5 ni dalili kwamba linapiga. 0 au 5 tupu, halipigi.