Asidi ya kubambua uso kwa ngozi nyeti: ninavyofanya mimi hapa Kampala

Ngozi yangu ni ya kuchagua. Sabuni ya manukato huifanya ikaze, vumbi la boda likikutana na jasho huniletea vipele kwenye taya, na kila chunusi ikipona huniachia doa jeusi linalokaa miezi. Madoa hayo ndiyo yaliyonifanya nifikirie asidi ya kubambua uso. Kuwa mweupe sikutaka, na nalisema mapema kwa sababu mjini hapa ukitaja asidi na uso kwa pamoja, watu huamua umeshaingia kwenye mkorogo.

Mkorogo ni habari nyingine. Krimu za kujichubua huwa na haidrokwinoni au zebaki, na nyingine zina dawa za steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vya haidrokwinoni na zebaki, na mwaka 2018 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio dhidi ya haidrokwinoni kwa nchi zote wanachama. Maduka ya katikati ya mji bado yamejaa. Kama umekuwa ukipaka vitu hivyo, soma hadi mwisho lakini asidi usiiguse kwanza: steroidi hupunguza unene wa ngozi, na asidi isiyomdhuru mwenzako inaweza kukuunguza wewe.

Asidi ya kubambua kazi yake ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Hulegeza kinachoshikilia seli zilizokufa juu ya ngozi ili zitoke mapema kuliko ambavyo zingetoka zenyewe. Zinazopatikana zaidi ni nne. Glaikoliki asili yake ni muwa, laktiki ni maziwa yaliyochacha, mandeliki ni lozi chungu, ingawa siku hizi nyingi hutengenezwa kiwandani. Ya nne ni salisiliki, ndugu wa aspirini, inayoyeyuka kwenye mafuta na hivyo huingia vizuri kwenye vinyweleo vilivyoziba. Kwa mwenye ngozi nyeti, jambo la kuangalia ni ukubwa wa molekuli. Ya glaikoliki ni ndogo kuliko za wenzake, kwa hiyo hupenya haraka na huwasha haraka. Ya mandeliki ni kubwa, huingia polepole, na hukupa nafasi ya kunawa kabla mambo hayajaharibika.

Nilianza na laktiki ya asilimia 5, baadaye nikahamia mandeliki ya asilimia 10, na hapo ndipo nilipo. Kuna atakayesema huko si kubambua, ni kunawa uso kwa mbwembwe. Sawa. Uso ni wangu.

Muuzaji mmoja, mama wa Kikongo mwenye kibanda kwenye jengo la maduka mjini, alijaribu kunibadilisha mawazo. "Mama, hii iko nguvu," akaniambia akinionyesha chupa ya asilimia 30, "siku tatu tu utaona." Nilimwamini kabisa kwamba ningeona. Wataalamu wa Marekani wanaopima usalama wa vipodozi walitoa mwongozo mwaka 1998 kuhusu jamii ya glaikoliki na laktiki: bidhaa ya mtu kujipaka nyumbani isizidi asilimia 10, na pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ndogo ni asidi kali zaidi, isishuke chini ya 3.5. Asilimia 30 waliiachia mikono ya waliofundishwa, kwa muda mfupi, kisha kunawa mara moja. Na Julai 2024 mamlaka ya dawa ya huko huko, FDA, iliwaonya wananchi wasinunue asidi kali za kubambua na kujipaka bila mtaalamu, kwa sababu zinaunguza. Chupa za aina hiyo hiyo ndizo zinazotufikia hapa, tena nyingine zimekaa juani dirishani kwa muda usiojulikana.

Hiyo pH usiipuuze. Asidi mbili zenye asilimia ileile zinaweza kutofautiana sana kwa ukali, kwa sababu pH ikishuka, makali hupanda. Chupa isiyotaja pH, isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho, mimi huirudisha kwenye rafu. Shangazi yangu wa Busia huniuliza kwa nini nisitumie limau tu, ni la bure na liko uani. Shangazi, maji ya limau yana pH ya karibu 2, hakuna anayeyapima, na maji ya ndimu au limau yakibaki kwenye ngozi kisha jua likayapiga yanaweza kuleta malengelenge na baadaye weusi unaokaa muda mrefu. Limau liende kwenye samaki.

Wengine wasianze kabisa, au waulize daktari kwanza: mwenye mzio wa aspirini asiguse salisiliki, mjamzito, mwenye pumu ya ngozi iliyoamka au kidonda usoni, anayepata malengelenge ya homa mdomoni, maana asidi inaweza kuyaamsha, mwenye makovu yanayovimba, anayemeza isotretinoini, vidonge vya chunusi sugu. Anayepaka tretinoini au adapalini kwa ajili ya chunusi aache siku kadhaa kabla.

Kujaribu kwanza ni lazima, na maelekezo mengi husema usubiri saa 24 au 48. Kwetu sisi weusi hiyo haitoshi. Mwasho utauona siku hiyo hiyo, lakini weusi unaofuata mwasho huja polepole, hata baada ya wiki. Mimi hupaka kidogo chini ya sikio, nyuma ya taya, na kupaacha wiki nzima. Pakibaki rangi ileile, naendelea.

Hapa ndipo maelekezo ya kwenye intaneti yanapotutupa. Yanakwambia: ukiona wekundu, nawa. Wekundu upi? Kwenye ngozi yangu hauonekani, na ukingoja uonekane utakuwa umechelewa. Ninachofuata ni hisia. Mchomo mdogo wa kama dakika moja unaokuja na kupungua ni wa kawaida. Joto linalozidi kupanda, mchomo uliokaa sehemu moja bila kuhama, au ngozi kukaza mpaka kufungua mdomo kunaleta shida, hapo nanawa, hata kama saa ya simu inaonyesha nusu dakika bado. Kioo nakitazama kwa mambo mawili tu: sehemu iliyogeuka ya kijivu au kuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa, na sehemu inayopauka kuwa nyeupe. Salisiliki huacha unga mweupe inapokauka, huo ni wa asidi yenyewe na unafutika. Weupe usiofutika maana yake asidi imeshuka chini sana, na hiyo ni kazi ya daktari.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Nafanya usiku, siku ambayo kesho yake sina safari. Kabla ya yote nahakikisha mfereji una maji na bado naweka ndoo iliyojaa kando, maana anayeishi Kampala anajua maji hayatoi taarifa yanapoondoka, na hakuna dakika mbaya ya kukosa maji kama ile ambayo uso wako una asidi. Nanawa kwa sabuni isiyo na manukato na kusubiri uso ukauke kabisa, kwani ngozi yenye maji hunyonya asidi zaidi. Mafuta ya mgando napaka pembe za pua, midomo na pembe za macho. Naanzia paji la uso, kisha pua na kidevu, mashavu mwisho kwa sababu ndiyo yanayolalamika haraka. Mara ya kwanza iwe dakika moja. Ukiona salama, mara inayofuata ongeza nusu dakika. Kunawa ni kwa maji mengi ya baridi. Asidi nyepesi kama hii haihitaji magadi ya kuizima, na unga wa magadi mkavu usiusugue usoni hata ukiambiwa na nani.

Baada ya hapo, uvivu ndio dawa. Hakuna kusugua, hakuna taulo gumu, hakuna krimu ya vitamini, hakuna kuchuma vigamba. Napaka mafuta ya shea ya kule Lira na Gulu, yasiyoongezwa manukato, na kulala. Watu hutarajia uso umenyeke kama ndizi za matoke. Asidi nyepesi haifanyi hivyo. Siku ya pili au ya tatu nikiwa na bahati naona ukavu kidogo karibu na mdomo, basi.

Kisha jua. Kama kuna sehemu moja ya makala hii ya kumsomea rafiki yako, ni hii. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na miale ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda. Ikweta yenyewe inakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, kilomita 70 hivi kutoka mjini. Kwetu hakuna majira ya jua hafifu, na mawingu mepesi huzuia kidogo tu. Sasa ongeza asidi: utafiti ambao FDA huutaja ulionyesha kwamba watu waliopaka asidi za jamii hii kwa wiki 4 ngozi zao ziliungua na jua kirahisi zaidi, kwa asilimia 18, na hali hiyo iliisha ndani ya wiki moja walipoacha. Kwa hiyo unayefuta madoa usiku kisha kesho unapanda boda saa sita mchana uso wazi, unayapanda upya.

Losheni ya kukinga jua ni ya SPF 30 kwenda juu, kiasi cha kujaza urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na kurudia ukikaa nje. Nyingi hutuacha na upako wa kijivu, najua. Tafuta zenye rangi ya ngozi: rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, ambayo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, na mwanga huo nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Bei yake hupita ya asidi. Kama fedha inatosha kimoja tu, nunua losheni ya jua, asidi iache dukani. Ukiitumia kila siku, madoa mengi yatafifia yenyewe kwa mwendo wao. Kofia ya kukodi ya boda nayo, ile iliyolowa jasho la abiria watano, iwekee kitambaa safi ndani.

Matokeo yangu, bila chumvi: ngozi imekuwa laini, poda inakaa vizuri, madoa ya chunusi yanafifia haraka kuliko zamani. Mashimo ya chunusi za ujana yako palepale. Mabaka ya kahawia aliyopata dada yangu baada ya ujauzito hayakubadilika kwa njia hii, na alipofika kliniki ya ngozi Mulago walimwambia aachane na asidi kwa sababu mwasho wowote unaweza kuyakoleza. Mimi narudia kila baada ya wiki tatu hivi, na chunusi zikiwa zimechachamaa au uso ukiwa unawasha naruka zamu.

Ukipata malengelenge, majimaji, uvimbe karibu na jicho au mchomo usioisha kesho yake, nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na chupa mkononi. Usifunike kwa krimu ya duka la dawa la jirani.

Na wewe uliyeniandikia kwamba kwanjula yako, sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi, ni Jumamosi ijayo na unataka uso ung'ae: usifanye. Kama hujawahi kujaribu, unahitaji wiki ya kupima nyuma ya taya na angalau wiki mbili nyingine za kutulia kabla ya kusimama mbele ya wakwe na kamera. Kwa muda uliobaki nawa vizuri, paka losheni ya jua, na mwambie anayekupaka vipodozi asijaribu kitu kipya asubuhi hiyo.