Ureta na urethra si mrija mmoja
Dada wa Mbale, umeuliza kama ureta na urethra ni kitu kimoja. Hapana, na kuzichanganya kwenye faili la mgonjwa ni hatari. Ureta ni mbili: kila moja hushusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, urefu wa sentimita 25 hadi 30. Urethra ni moja, hutoa mkojo kibofuni hadi nje. Kwa mwanamke sentimita 4 hivi, kwa mwanamume karibu 20. Katheta ya kawaida, yaani mrija mwembamba wa kutolea mkojo, hupitia urethra. Jiwe la figo likikwama kwenye ureta, maumivu makali huanzia ubavuni na kushukia kinenani, na katheta hiyo haitalifikia. Mgonjwa huyo akiwa na homa pia, mpeleke hospitali ya rufaa siku hiyohiyo: mkojo uliozibwa ukiambukizwa huharibu figo na huweza kuua.