Baiskeli ikufikishe, ndege umtazame kwa miguu

Swali la juma: Masika yakianza na ndege wakijenga viota, baiskeli inafaa msituni au inawatimua?

Inafaa, mradi inyamaze. Chukua Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi. Msitu una takriban kilomita za mraba 420, na kutoka kwenye miti ya mirihi ya mchanga mweupe hadi miti ya mifunda ya udongo mwekundu ni mbali kwa miguu. Ikifika saa nne asubuhi jua limekuwahi na ndege wengi wameshanyamaza.

Kelele mbaya kuliko zote ni ya friwili. Ukiacha kukanyaga pedeli inalia tik-tik-tik, kwa hiyo endelea kukanyaga polepole mpaka unaposimama. Breki zikipiga kelele, futa rimu kwa kitambaa kikavu, kisha sugua raba za breki kwa msasa. Madigadi, kengele na keria zinazogongana zikaze kwa vipande vya tyubu kuukuu. Mafuta ya cheni paka usiku na uifute. Ukipaka asubuhi, mchanga wote wa njiani utaganda humo.

Kwenye mchanga, tairi ya inchi mbili au zaidi, na upepo upunguze mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba iingie kidogo. Ikiwa ngumu, gurudumu la mbele linazama na usukani unakuponyoka. Udongo mwekundu una adha nyingine: mvua ikinyesha unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakwama. Beba kijiti cha kukwangua.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi za mbele milimita 42) inatosha. Ya mara kumi hutikisika zaidi, hasa mikono ikiwa imetoka kushika usukani. Ifunge kifuani kwa mkanda wa mabegani, maana ikining'inia shingoni itagonga usukani kila bonde.

Simama mita 50 kabla ya mahali unapopataka, egemeza baiskeli kwenye shina nene, si kichakani penye viota vya chini, utulie dakika kumi. Usitoke njiani na magurudumu: mpasuasanda, ndege wa usiku, hajengi kiota, hutaga mayai, kwa kawaida mawili, juu ya majani makavu, na rangi yake ni ile ile ya majani.

Ukimwona ndege ana kiwavi mdomoni, anaruka tawi hadi tawi wala haingii popote, anangoja uondoke. Rudi nyuma hatua ishirini. Akiingia, hapo ndipo pa kusimama, na dakika kumi na tano zinatosha. Usikate tawi upate picha, wala usimchezee sauti yake kwenye simu; ataacha mayai aende kupigana na mpinzani asiyekuwepo.

Kwera wa Clarke, ndege msukaji wa viota, usimtafutie kiota hapa. Wataalamu walimpa jina 1913, lakini viota vyake havikugunduliwa mpaka 2013, tena kwenye bwawa la nyasi katika msitu wa Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki.

La mwisho ni tembo. Baiskeli iliyonyamazishwa vizuri inamfikia kabla hajakusikia. Nenda na mwenyeji anayeujua msitu, punguza mwendo kwenye kila kona, na ukikuta kinyesi ambacho bado kina joto, geuza baiskeli.