Wastani wa watu 500 walihudhuria nini?

SWALI: Najifunza takwimu za mwanzo kwa kutumia R, programu ya kompyuta ya hesabu za takwimu. Nikiipa mishahara ya watu watano, mean() inatoa jibu moja na median() jingine, lakini mkufunzi wetu anayaita yote mawili wastani. Je, ni sahihi? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Si sahihi. Chukua c(300, 320, 350, 400, 4000), ndivyo R inavyoandikiwa orodha ya namba, tuseme ni maelfu ya shilingi. mean() inajumlisha yote na kugawa kwa tano: 1,074. median() inayapanga na kuchokoa la katikati: 350. Huyo wa milioni nne kawapandisha wenzake wote kwenye karatasi, mifukoni hawana habari. La kwanza ndilo wastani. La pili liite thamani ya kati, na mkufunzi akinuna mwache anune. Ana kisingizio kidogo: neno lenyewe limetoka kwenye wasat ya Kiarabu, yaani katikati.

Wasio na kisingizio ni waandishi wetu wa habari. "Wastani wa watu 500 walihudhuria mkutano wa hadhara jana." Wastani wa nini na nini? Mkutano ulikuwa mmoja, uwanja mmoja, siku moja. Wastani unataka mikutano kadhaa, ujumlishe waliofika, ugawe kwa idadi ya mikutano. Bwana huyu hakujumlisha, hakugawa, wala hakuhesabu. Alikadiria kwa macho akiwa kivulini, kisha akaona "takriban" haina hadhi. Kiswahili kimempa takriban, kama, yapata, kiasi cha, wapatao. Kayaruka yote akaenda kukwapua neno la hesabu. Siku si nyingi tutasomewa kwamba ajali ilitokea wastani wa saa nne asubuhi.

Watabiri wa hali ya hewa wakisema mvua za juu ya wastani siwagusi. Wana rekodi za miaka mingi za kulinganishia. Hata "kimo cha wastani" nimeshaichoka kuipinga, ipite.

Wewe mwenye R, mpime mwandishi huyo. Andika mean(500): itakurudishia 500 ileile, kwa adabu zote. Sasa andika sd(500), uulize namba zake zimetawanyika kiasi gani. Itakujibu NA, yaani jibu halipo, maana namba iliyo peke yake haina mwenziwe wa kutofautiana naye.