Nani ana mamlaka gani Marekani? Maswali yenu na majibu

Maswali mengi mnayoniletea kuhusu Marekani yanaanzia Ikulu ya White House na kuishia hapo hapo. Naelewa, maana habari zinazotufikia huku ni za Rais. Lakini maisha ya mtu anayeishi kule, kuanzia maji anayokunywa hadi shule anayosoma mwanawe, huamuliwa zaidi na watu ambao majina yao hatuyasikii kabisa. Safari hii nimechagua maswali yanayotushusha hadi kwa watu hao.

Kwetu Rais akichoka na mkuu wa mkoa anamtumbua asubuhi, jioni kateuliwa mwingine. Rais wa Marekani naye anaweza kumfukuza gavana? (Msomaji, Dodoma)

Hawezi. Mkuu wa mkoa ni mteule wa Rais na anaiwakilisha serikali kuu mkoani. Gavana wa Marekani kachaguliwa na wananchi wa jimbo lake, na wa kumwondoa ni bunge la jimbo hilo au, katika baadhi ya majimbo, wapiga kura wenyewe kabla muda wake haujaisha. Kumbuka kwamba majimbo 13 ya mwanzo yalikuwepo kabla ya serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu ya nchi nzima. Wajumbe wao, isipokuwa wa Rhode Island iliyosusa, ndio walioandika Katiba kule Philadelphia mwaka 1787. Mwaka 1791 yakaongezwa Marekebisho ya Kumi: mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Ila Rais anaweza kumshinda gavana bila kumfukuza. Mwaka 1957 Gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwatumia Walinzi wa Taifa, jeshi la akiba ambalo kwa kawaida huwa chini ya gavana, kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie sekondari ya Central High mjini Little Rock, ilhali mahakama ya shirikisho ilikwisha amuru waingie. Rais Eisenhower hakumwondoa Faubus kwenye kiti chake. Aliwachukua walinzi wale wale wa Arkansas akawaweka chini ya amri yake, kisha akatuma askari wa Divisheni ya 101 ya jeshi la nchi. Watoto wakaingia darasani wakisindikizwa na bunduki. Mwaka uliofuata Faubus alizifunga sekondari za mji ule, weusi na weupe wote wakakosa masomo, na Novemba hiyo wananchi wakamchagua tena. Kwa hiyo hata Rais mwenye jeshi alishindwa kumzuia asirudi ofisini.

Msamaha wa Rais unafuta kosa lolote? (Kisumu)

Unafuta makosa ya sheria za shirikisho tu. Derek Chauvin, polisi wa Minneapolis aliyemuua George Floyd mwaka 2020, ana hukumu mbili, moja ya jimbo la Minnesota na nyingine ya mahakama ya shirikisho. Rais yeyote akimsamehe kwa hii ya pili, ile ya Minnesota inabaki pale pale.

Kijana wangu yuko Denver. Ananiambia bangi inauzwa dukani kihalali, nami nasikia serikali kuu imeipiga marufuku. Nimwamini nani? (Mzee, Tanga)

Mzee wangu, shikamoo. Yote mawili ni kweli. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inaiweka bangi katika dawa zilizokatazwa. Mwaka 2012 wapiga kura wa Colorado, jimbo lenye jiji la Denver, pamoja na wa jimbo la Washington, waliiruhusu kwa watu wazima. Kinachowezesha hali hiyo ni kwamba serikali kuu haina mamlaka ya kuwaamrisha maofisa wa jimbo watekeleze sheria zake. Sherifu mmoja wa Montana, Jay Printz, alikataa kazi aliyopewa na sheria ya shirikisho ya kuchunguza wanaotaka kununua bastola, akaenda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1997 akashinda. Maofisa wa shirikisho wanaweza kumkamata muuza bangi wa Denver, lakini ni wachache mno kuifanya kazi hiyo bila polisi wa jimbo na wa jiji.

Serikali kuu ikitaka majimbo yatii, mara nyingi hutumia fedha. Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliamua kwamba jimbo linalomruhusu mtu wa chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota ilishtaki, ikashindwa mwaka 1987. Majimbo yote 50 yakaufuata umri huo bila kupelekewa askari hata mmoja.

Sasa kuhusu kijana wako, na hapa nakuomba unisikilize sana. Mambo ya uhamiaji ni ya shirikisho, na ofisa wa uhamiaji hafuati sheria za Colorado. Kama kijana bado si raia, kukiri tu kwamba amevuta bangi, hata kama aliinunua kihalali, kunaweza kumharibia maombi ya kibali au uraia. Hata ajira katika biashara hiyo inaweza kumletea tabu. Mwambie akae nayo mbali.

Kaunti zetu 47 zimo kwenye Katiba. Kaunti na miji ya Marekani nayo ina ulinzi kama huo? (Nakuru)

Haina, na katika mfumo wao wote hili ndilo linaloniuma zaidi. Katiba ya Marekani haisemi neno lolote kuhusu miji wala serikali za kaunti. Hizo ni mali ya jimbo. Jaji John Dillon wa Iowa aliandika mwaka 1868 kwamba bunge la jimbo ndilo linaloupa mji uhai, na likitaka linaweza kuuondoa. Connecticut ilizifuta serikali zake za kaunti mwaka 1960. Mwaka 2016 halmashauri ya jiji la Birmingham, Alabama, ilipandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 10.10 kwa saa, na wiki hiyo hiyo bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuizuia. Wafanyakazi wakabaki na dola 7.25.

Flint, Michigan, yaliwakuta makubwa zaidi. Sheria ya jimbo ilimpa gavana uwezo wa kuuwekea mji wenye madeni meneja wa dharura, mtu asiyechaguliwa na mwenye kauli juu ya meya na madiwani. Novemba 2012 wananchi wa Michigan waliikataa sheria hiyo kwa kura. Desemba, bunge la jimbo likapitisha nyingine inayofanana nayo, likaichomekea fungu la fedha, maana kule sheria yenye fungu la fedha haiwezi kukataliwa na wananchi kwa kura kama ile. Aprili 2014, chini ya meneja wa dharura, Flint iliacha maji ya Detroit ikaanza kuchota mto wake, bila dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe na kutu. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye maji ya kunywa. Machi 2015 madiwani walipiga kura mji urudi Detroit, meneja akakataa. Maji ya Detroit yalirudi Oktoba tu. Katika miezi hiyo yote wakazi walikuwa wakibeba chupa za maji machafu mikutanoni, na kila ngazi, ya mji, ya jimbo na ya shirikisho, ikisukumia nyingine lawama.

Nilitoka Uvira kama mkimbizi, sasa niko Iowa na sijapata uraia. Mtoto wangu hajui Kiingereza, shuleni anakaa tu nyuma. Nimwandikie nani, gavana ama Rais? (Mama)

Mama, usianze na hao. Anza na mwalimu mkuu, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Uliza mtoto amepimwa Kiingereza lini na amewekwa kwenye mpango gani wa kumsaidia. Omba mkalimani wa Kiswahili. Wasipokujibu, nenda ofisi ya wilaya ya shule, kisha kwenye bodi ya shule, ambayo ndiyo inayomwajiri msimamizi wa wilaya. Bodi hiyo imechaguliwa, na mikutano yake ni ya wazi. Huhitaji uraia ili uhudhurie.

Huombi hisani. Mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule inayopokea fedha za shirikisho haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae darasani bila msaada.

Jambo moja la hatari: ukipewa fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata na mtu mwenye nia njema, usiijaze kabla hujawa raia, maana inaweza kukufukuzisha nchini. Lakini mnao ndugu waliokwisha kupata uraia. Uchaguzi wa bodi za shule za Iowa hufanyika Novemba ya miaka ya witiri, wakati Rais hagombei, na wapiga kura huwa wachache sana. Familia kadhaa za kanisa lenu zikijitokeza, mgombea atakuja mwenyewe kuwauliza mnataka nini.