Unataka Kusomea Uanaume? Usingoje Idara Ikukaribishe

Kijana mmoja wa Nakuru ameniandikia. Anataka kufanya uzamili kuhusu uanaume, ila kila idara anayobisha hodi inamwelekeza kwa jirani: sosholojia wanasema hayo ni ya watu wa jinsia, wa jinsia wanataka mada ya wanawake, wa historia wanauliza nyaraka ziko wapi. Ndugu yangu, njia hiyo naijua hadi mashimo yake.

Nilipowasilisha pendekezo langu, profesa mmoja aliuliza kama huo ni utafiti au soga za kijiweni. Jopo zima likacheka. Mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Hadi leo kicheko kile kinaniwasha. Tasnifu imepita mwezi jana, ndiyo maana nina mdomo wa kusema.

Mimi nilikataa kukaa idara moja. Nilitaka kujua tohara ya ukubwani imewabadilishaje wanaume wa Kisumu. Madaktari walishatangulia: kuanzia 2002 waliwafuatilia vijana 2,784 wa hapa, wenye miaka 18 hadi 24, na mwisho wa 2006 ikabainika kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU kwa takriban nusu au zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Sawa. Lakini kisu kile kina maana gani kwa Mjaluo ambaye babu yake alitolewa meno sita ya chini kuwa alama ya utu uzima badala ya tohara, huku jirani yake Mbukusu akisubiri Agosti ya mwaka wa shufwa, msimu wa tohara kwao? Hilo daktari hakuulizwa.

Nikahamia anthropolojia. Margrethe Silberschmidt wa Denmark alikaa na wanaume wa Kisii, akaeleza jinsi mume aliyeshindwa kulisha nyumba anavyoitafuta heshima kwenye pombe na wanawake wa nje. Baada ya kumsoma, mahojiano yangu na vijana wa boda pale Kondele, Kisumu, yakaanza kueleweka. Raewyn Connell, mwanasosholojia wa Australia, alinifundisha kwamba uanaume ni wa aina nyingi, mmoja ukitawala na mingine ikikaliwa. Na wanaodai nyaraka wasome kitabu cha 2017 cha mwanahistoria Paul Ocobock, waone serikali ya kikoloni Kenya ilivyoingiza mkono katika suala la nani bado mvulana na nani ameshakuwa mtu mzima.

Kwa hiyo soma nje ya idara yako. Narudia, soma nje. Na usije huku kuwalipizia kisasi wanawake. Somo hili limelelewa na hoja za watetezi wao, na asiyelikubali hilo afungue kanisa, aache chuo. Vijana wetu wanaambiwa kila siku wawe wanaume, halafu anayeuliza wanaume gani anachekwa. Aibu ni ya anayecheka.

Tafuta wasimamizi wawili wa idara tofauti. Wangu waligombana kwa kila rasimu, na ugomvi wao ndio ulionipa sura ya tatu, ambayo nasema bila haya kwamba ndiyo bora kuliko zote.