Maswali ya wasomaji: Turbo katika Mini ya zamani

SWALI: Baada ya salamu, naomba ushauri wako, fundi. Nina Morris Mini ya sentimita za ujazo 998 niliyoachiwa na marehemu baba, na ndiyo ninayotembelea hapa Malindi mpaka leo. Mjini haina neno. Tatizo ni nikielekea Kilifi na abiria watatu: nikishapita Gede na kuingia pale barabara inapopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, nikawa nyuma ya lori, siwezi kulipita hata nikikanyaga mafuta mpaka chini. Kijana mmoja wa gereji ameniletea turbo iliyofunguliwa kutoka katika Subaru, naye anasema akiifunga nitapata nguvu maradufu. Je, ni kweli? (Msomaji, Barani, Malindi)

JIBU: Kufungika inafungika, ila hayo maradufu yaweke kando. Injini yako ni ya ukoo wa A-Series, ulioanza mwaka 1951 katika Austin A30 ikiwa na sentimita za ujazo 803. Ndugu yake wa 1275 alifungwa turbo na kiwanda chenyewe katika MG Metro Turbo, iliyotoka mwaka 1982. MG Metro ya kawaida ilitoa nguvu za farasi 72, na ile ya turbo ilitoa 93, yaani nyongeza isiyofika hata theluthi moja. Nyongeza hiyo ilipatikana baada ya wahandisi kupunguza uwiano wa mgandamizo wa silinda (hewa inabanwa mara ngapi) kutoka 10.5 hadi 9.4, kuweka valvu za ekzosi zenye sodiamu ndani ili zipoe upesi, na kulibana makusudi shinikizo la turbo, kwa kuwa giaboksi ya ukoo huu imekaa chini ya injini, inaoga oili ileile, na haikuumbwa kubeba mzigo mkubwa. Yako inatoa takriban nguvu 40. Kwa kazi iliyofanywa vizuri, tarajia 50 na kidogo.

Turbo ni magurudumu mawili ya mapanga yaliyo katika mhimili mmoja: moshi wa ekzosi unazungusha la kwanza, nalo la pili linasukuma hewa ndani ya silinda, na mhimili huo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Turbo ya Subaru ilipimwa kwa moshi wa injini yenye ujazo wa mara mbili ya yako. Katika 998 itachelewa kuamka, na utakapokuwa umeshakata tamaa ya kulipita lori ndipo itakapovuma kwa ghafla. Ukishika njia hii, tafuta iliyotoka katika vigari vya Kijapani vya sentimita za ujazo 660. Hiyo itaamka mapema.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni joto. Hewa ya Malindi yenye nyuzi 30, ikisukumwa kwa shinikizo la nusu ba tu (ba moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida), hutoka katika turbo ikiwa na nyuzi zaidi ya 80, na hewa ya moto hufanya petroli iwake kabla ya wakati wake. Hapo ndipo utakaposikia injini ikigonga kama kokoto ndani ya kopo. Nimewahi kuishika mkononi pistoni iliyotoka katika Mini ya namna hiyo: ukingo wake wa juu ulikuwa umelika kama mkate uliotafunwa na panya, na ringi ya kwanza imevunjika vipande vitatu. Mwenyewe aliapa kwamba aliisikia ikigonga kwa siku mbili tu. Isitoshe, katika Mini manifoldi zote mbili, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, ziko nyuma, zimeukabili ukuta wa kabati la abiria, kwa hiyo turbo itakaa pale pasipopita upepo, karibu na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nayo rejeta iko ubavuni, inapumulia kwenye tao la gurudumu, na wenye Mini wa pwani wanajua jinsi mshale wa joto unavyopanda hata bila turbo.

Kabureta nayo ina masharti yake. Hewa ikisukumwa kupitia ndani yake, bakuli la petroli lazima lipate shinikizo lilelile, na pampu izidi shinikizo hilo wakati wote. La sivyo petroli itagoma kuingia wakati injini inaihitaji zaidi. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, pia lazima irudishwe nyuma kadiri shinikizo linavyopanda.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi, mwambie kijana wako apime kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa, ya silinda zote nne injini ikiwa moto na mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, nguvu unayoitafuta inavujia kwenye valvu na ringi, na ukizitengeneza hizo huenda lile lori ukalipita. Hata zikiwa sawa, mimi ningetafuta injini nzima ya 1275. Inaingia mlemle, haina mabomba ya kuunguza mikono, na kwa kuwa hapa tuko usawa wa bahari inapata hewa nzito kuliko ile wanayoipata wenzetu wa Nairobi walio zaidi ya mita 1,600 juu. Usisahau kuandikisha namba mpya ya injini katika kitabu cha gari, na kampuni yako ya bima iarifiwe. Breki nazo zikaguliwe kwanza.

SWALI: Gari langu lilishafungwa turbo na mwenyewe wa kwanza. Nikifika nyumbani nazima papo hapo, na sasa linatoa moshi wa buluu. Je, turbo imekufa? (Msomaji, Mpeketoni, Lamu)

JIBU: Bado usiizike. Ukizima injini iliyotoka safari ndefu, oili iliyobaki ndani ya turbo huungua na kuwa makaa yanayoziba njia zake, kwa hiyo iache ingurume taratibu dakika moja au mbili kwanza. Kisha tazama bomba linalorudisha oili chini: liwe pana, literemke moja kwa moja bila kupinda, na liingie juu ya usawa wa oili. Likiziba au likipanda mahali popote, oili hukosa pa kwenda ikapenya kwenye ekzosi, na moshi wake ni huohuo wa buluu. Safisha bomba hilo kabla ya kununua turbo nyingine.